Bawa Lililoshonwa Kabla ya Kutazamwa

Tangu turudi, sijapita bombani wala sokoni bila mtu kunishika mkono na kuuliza ile ndege imefikia wapi. Wengine wamesikia kwamba bawa lilidondoka njiani, wengine kwamba Mama Sifa amekamatwa, na jirani yangu mmoja anaamini kabisa kwamba tulirudi kambini Dzaleka kwa kuruka. Nimeona afadhali niandike yote kwa utaratibu, hatua kwa hatua, nipate kunywa chai yangu kwa amani. Habari za vibali vya kutoka kambini nitaziacha. Mnazijua, na hazina utamu.

Dzaleka: bawa lapata nguo

Wengi wenu mlikuwepo siku ndege ilipoanguka. Kwa wasiokuwepo: ilikuwa ndege ndogo ya zamani, ya viti viwili, ambayo mabawa yake ni mbao nyembamba zilizovikwa kitambaa. Mwenyewe ni Mzee Kamwendo, Mmalawi mstaafu, mjane, anayekaa Area 47 kule Lilongwe. Aliipata ikiwa mbovu, akaihangaikia miaka mingi mpaka ikaruka.

Ilipofika juu yetu injini ilikohoa, ikanyamaza. Mahali pa wazi palikuwa uwanja wa mpira tu, nao ulikuwa umejaa watoto. Sote tuliona pua ya ndege ikielekea uwanjani, kisha ikageuka. Mzee akaipeleka kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, gurudumu likagonga kichuguu, na bawa la kulia likalima ardhi mpaka ndege iliposimama. Alitolewa akiwa amevunjika mtulinga, akiuliza kwa Kiingereza kama kuna mtoto aliyeumia. Hakuna aliyeumia. Golikipa wa siku hiyo alikuwa Espoir, mjukuu wa Mama Sifa, ambaye hata kukimbia alisahau.

Watu wa mzee walikuja na gari wakachukua kiwiliwili cha ndege, injini na bawa la kushoto. Bawa la kulia halikupata nafasi, likabaki kwetu chini ya baraza ya chumba cha washonaji. Baadaye mzee akanipigia simu, mimi ninayewatafsiria washonaji. Alisema fundi wa ndege wa Area 25 anataka kuliona. Ndani ya bawa kuna boriti kuu inayobeba kila kitu. Ikiwa nzima, ndege itajengwa upya.

"Na ikiwa imevunjika?" niliuliza.

"Basi nitaiacha. Kwa umri wangu siwezi kuanza tena."

Nilikwenda kumwambia Mama Sifa, mkuu wa washonaji, ambaye mimi humwita yaya kwa sababu ni kama dada yangu mkubwa na tulitoka Bukavu mwaka mmoja. Nilimkuta na wenzake watatu wamelizunguka bawa, sindano mikononi. Tumbo la bawa lilikuwa limepasuka kwa urefu wa mtu mzima, nao walikuwa wamekwisha kulifuta matope na kulishona zaidi ya nusu.

"Yaya, munafanya nini?"

"Unaona nini, leki yangu?" alisema, yaani mdogo wake. "Tunashona."

"Mulitumwa na nani?"

"Batu banatumwa kushukuru?" Alikata uzi kwa meno. "Ule mzee alivunja kitu yake juu ya kuponya batoto yetu. Sasa tumurudishie bawa yake matumbo inje, kama mbuzi? Kwetu Bukavu mutu hatoke nyumbani na nguo ya kupasuka, hata kama anaenda kuzikwa."

Na kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Mshono ulikuwa mnyoofu, uzi umepakwa nta ya mshumaa. Lilipokwisha, usingejua kwamba bawa lile liliwahi kugusa ardhi.

Kuelekea njia panda: bawa lataka kupaa

Gari lilikuwa lori la magunia ya soya lililokuwa likienda mjini. Dereva, Bwana Phiri, ni Mmalawi aliyewahi kufanya kazi miaka mingi njia ya Mbeya, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Tanzania na utani wake pia. Wanaume sita walilipandisha bawa juu ya magunia. Chini yake tulitandika magodoro mawili ya watu wenye imani. Mama Sifa aliketi mbele na dereva, na mimi nikapewa juu, nilishike mgonjwa.

Barabara ya kuelekea njia panda ya Dowa ni nzuri, na Bwana Phiri alitaka kuifaidi. Alipokanyaga mafuta, nilisikia kamba zikilia, kisha bawa likainuka. Si kutikisika: lilinyanyuka kutoka kwenye godoro, taratibu, kama mtu anayetaka kuketi kitandani, na mimi nikanyanyuka nalo. Nikapiga kelele. Lori likapunguza mwendo, bawa likalala.

Bwana Phiri alishuka akaangalia. "Wewe unalichokoza?"

"Linataka kuruka!"

"Bawa la ndege linataka kuruka," alisema polepole. "Ajabu kubwa. Ningejua ningebeba mbuzi."

Tulijaribu tena, likainuka tena. Lilipokuwa limepasuka upepo ungepita katikati, lakini sasa, kwa kazi ya washonaji wetu, lilikuwa na kila kitu bawa linachohitaji. Tukaanza kwenda kwa mwendo wa maziko. Vijana wa kabaza wakatupita kwa baiskeli zao, abiria wao nyuma wakitupungia mkono. Mmoja aliuliza kwa Kichewa kama ni mtumbwi, na Bwana Phiri akamjibu kwamba ndiyo, tunakwenda kuvua samaki Area 25.

Njia panda tulisimama. Mama Sifa alishuka, akalizunguka lori mikono kiunoni, akatazama mgongo wa bawa uliobinuka na tumbo lililo bapa.

"Kama inapenda kupanda, tuigeuze. Ipende kushuka."

Bwana Phiri alicheka mpaka akashika kioo cha gari. Kisha akaacha kucheka, akafikiri, akaita wabeba mizigo. Tukaligeuza, tumbo juu. Lori lilipochukua mwendo, bawa likajikandamiza kwenye godoro kama mtoto anayekataa kuamshwa. Sikulishika tena hata kwa kidole.

"Mama," nilimsikia dereva akisema dirishani, "hii akili umeitoa wapi?"

"Mu kofia ya batoto. Ukivaa vibaya, upepo inaibeba."

Lumbadzi: mvua, polisi na thobwa

Karibu na Lumbadzi mvua ilitukuta. Sasa mshono ulikuwa juu, ukiitazama mbingu. Tulifunika kwa turubai, lakini lilikuwa fupi, na nililala kifudifudi juu ya sehemu iliyobaki wazi, nikiwa nimejitandaza kama ngozi inayoanikwa. Mvua ilipokata nilikuwa nimelowa mpaka nyama. Bawa lilikuwa na unyevu juu, na nilipobonyeza kitambaa sikusikia maji ndani.

Kwenye kizuizi cha barabarani polisi kijana alituamuru tusimame. Aliinua turubai, akashusha, akainua tena.

"Hiki nini?"

"Phiko la ndege," alijibu Bwana Phiri, yaani bawa la ndege.

"Na ndege yenyewe?"

"Ilitangulia."

Polisi alitazama karatasi zetu, akaona tumetoka Dzaleka, akakunja uso. Alituuliza kama wakimbizi sasa wanahama nchi na ndege yao kidogo kidogo, leo bawa, kesho mkia. Nilimtafsiria Mama Sifa. Bila kutabasamu akaniambia nimjibu kwamba bawa moja haliwezi kutufikisha hata Salima. Nikajibu hivyo. Polisi alijaribu kubaki mkali, akashindwa, akamwita mwenzake aje kulipapasa bawa. Mwenzake akaligonga kwa kucha, akasikiliza kama anayenunua tikiti maji, akasema linaonekana zima kabisa. Mama Sifa aliposikia hayo aliketi vizuri zaidi.

Tulikula hapo kando ya barabara. Mama Sifa alikuwa na bugali na sombe ya majani ya muhogo ndani ya bakuli la mfuniko, nami nikanunua viazi vya kukaanga vyenye kabeji. Bwana Phiri, kwa heshima, alituletea thobwa. Mama Sifa aliona kinywaji kizito cheupe cha mahindi, kimechachuka kidogo, kikiuzwa ndani ya chupa iliyotumika, akasukuma mbali.

"Mi ni mama wa kanisa."

"Si pombe, mama. Wanakunywa watoto."

"Njo shida. Hapa munaanza na batoto?"

Dereva aliapa kwa mama yake mzazi. Ilibidi mwanamke wa meza ya jirani ampe mtoto wake mchanga vijiko viwili mbele yetu ndipo Mama Sifa akakubali kuonja. Akamaliza chupa, akaomba ya pili, akasema tu kwamba haina sukari ya kutosha.

Mtandire: mgonjwa kanisani

Bwana Phiri alitakiwa kuyashusha magunia kwanza kwa mfanyabiashara mmoja wa Mtandire. Mfanyabiashara hakuwepo, na ufunguo wa ghala alikuwa nao. Tulingoja mpaka jua likaelekea kuzama. Mwishowe tukaamua kulala, na familia moja ya Wakongo wa Fizi, ya kanisa letu, inayokaa hapo, ikatupokea. Kwa bawa hapakuwa na nafasi ila kanisani, jengo la matofali lenye bati, kati ya madawati.

Waumini waliokuja kwa maombi ya jioni walikuta kitu kirefu kimefunikwa kwa turubai, kimelazwa juu ya magodoro mbele ya mimbari. Mama mmoja alianza kulia kabla ya kuuliza. Wengine wakaitikia, na kabla sijafika mlangoni kulikuwa na wimbo wa msiba.

"Mutulie!" nilisema. "Hakuna maiti. Ni bawa ya ndege."

"Na mwenye ndege iko wapi?"

"Muzima. Iko Area 47."

Kilio kilikatika kama redio iliyokwisha betri. Yule mama alipangusa macho, akauliza, kwa hasira kidogo, sasa kwa nini tumelifunika hivyo. Nikawaeleza habari ya uwanja wa mpira, ya watoto, na ya boriti ambayo kesho itajulikana. Wakatazamana. Kisha mzee wa kanisa akasema kwamba kwa kuwa tumekwisha kukusanyika, na kwa kuwa nyimbo zimekwisha kuanza, tuombe tu. Wakaweka mikono juu ya bawa, wakaomba mfupa wake mkubwa uwe mzima. Mimi si mtu wa kulia kanisani, na nitaishia hapo.

Area 47 na Area 25: mshono wafumuliwa

Asubuhi magunia yalishushwa, na tukampitia Mzee Kamwendo nyumbani kwake. Alitoka na mkono uliofungwa kifuani, akapanda kwenye kiti cha lori kwa shida. Alitupa asante yake, "zikomo kwambiri", mara nyingi, lakini bawa hakulitazama. Njia nzima mpaka Area 25 aliangalia mbele tu.

Fundi, Bwana Msiska, ana karakana nyuma ya maduka, bati na nguzo, na ndani kiwiliwili cha ndege yetu kimewekwa juu ya mapipa, uchi, bila pua. Ni mtu mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Tulilaza bawa mezani. Alitembea kutoka ncha hadi shina, akapitisha kidole kwenye mshono, akasimama.

"Nani ameshona hapa?"

Nilitafsiri. Mama Sifa akainua kidevu. "Mi."

"Mwambie ni kazi nzuri sana," alisema, na mimi nikaanza kutafsiri kwa furaha, lakini hakuwa amemaliza. "Na mwambie haikupasa kufanyika. Bawa lililovunjika huletwa kama lilivyo. Mimi husoma mpasuko: mbao zimeelekea wapi, nini kimeng'oka, nini kimebaki. Sasa limefungwa, na limevutwa. Kama boriti ilikuwa na ufa mdogo, huenda kitambaa kimeukaza ukajificha, au kimeuvuta ukawa mkubwa. Na ndani, je, alitoa kitu chochote?"

Nilimtafsiria kila neno. Sikulainisha, kwa sababu angejua. Mama Sifa akaelekeza kidole kwenye bawa.

"Mbao zenye zilikuwa zinachoma kitambaa," alisema. "Vipande. Tulizitosha inje, juu tuweze kushona."

Bwana Msiska alivua miwani ya machoni. Mzee Kamwendo alikaa juu ya pipa. Yaya akamtazama pale alipokaa.

"Ina maana mi njo nimeua ndege yake," aliniambia kwa sauti ya chini. "Alikataa kuua mutoto wangu, na mi nimeua ndege yake na sindano."

"Vipande viko wapi?" aliuliza fundi. "Vimetupwa?"

Hapo Mama Sifa alishangaa kweli, kana kwamba ameulizwa kama huwa anaiba. Alifungua mkoba wake wa nguo, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ninyi mnaovaa nguo zake mnajua: kila anayeshonewa na yaya hurudishiwa mabaki yake yote, hata utepe wa upana wa kidole, ili asije akasema mshonaji amebakiza kitambaa. Ndivyo alivyofundishwa kazi na ndivyo anavyofundisha. Ndani ya mfuko mlikuwa na nyuzi za kitambaa cha zamani, misumari midogo ya shaba, na vipande vya mbao.

"Ni vya mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nitamupa mwisho."

Bwana Msiska alivimwaga mezani, akageuza miwani yake, ya kichwani ikashuka machoni. Akampa Mama Sifa wembe wa kufumulia. "Afumue mwenyewe. Anajua mafundo yake."

Alifumua. Kazi ya siku nzima ya wanawake wanne ilikatika, uzi baada ya uzi, na sote tulitazama. Bawa lilipofunguka, fundi akaingiza taa na kioo kidogo, akaanza kuvirudisha vipande mahali pake, kimoja kimoja, kama anayepanga meno. Hiki, ubavu wa tatu. Hiki, ubavu wa nne. Hiki pia. Mbao zote zilikuwa nyembamba na nyeupe, za mbavu, ambazo hutengenezwa upya bila shida. Boriti ni nene, na mbao yake ni ya rangi ya asali.

Kikabaki kipande kimoja. Kilikuwa kinene kuliko vyote, cheusi kidogo, na kimevunjika kwa mshazari. Fundi akakijaribu huku, akakijaribu kule. Hakikuingia kwenye ubavu wowote. Akakisogeza polepole kuelekea boriti. Mzee Kamwendo akainuka kutoka kwenye pipa.

"Samahani," alisema Bwana Phiri, aliyekuwa mlangoni akila muwa. "Naomba nikione." Alikichukua, akakigeuza, akakinusa, akakirudisha. "Mzee, huu si ubao wa ndege. Huu ni mti wa mbaazi. Shamba lote lile lina mbaazi katikati ya mahindi. Mlitaka kuiwekea ndege mbaazi?"

Bwana Msiska alikinusa naye. Akakwangua kwa ukucha. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa amebana pumzi, akainama na taa yake. Aliigonga boriti kwa mpini wa bisibisi kutoka shina hadi ncha, na mlio ulikuwa uleule, mkavu, mpaka mwisho.

"Nzima," alisema.

Mzee Kamwendo alimwomba agonge tena. Akagonga tena. Mzee akaweka kiganja chake kizima juu ya boriti, akakiacha hapo.

Kwa wale wanaouliza lini itaruka: si karibu. Rafadha, lile panga la mbele, imepasuka na haifai. Injini haijafunguliwa, na fundi hataki kusema lolote juu yake kabla hajaona chuma cha ndani. Mbavu tano zitatengenezwa upya, gundi isubiriwe, msimu wa mvua upite. "Siahidi kuruka," alimwambia mzee mbele yetu. "Naahidi kujenga." Mzee alisema hilo linamtosha.

Halafu fundi akamwonyesha Mama Sifa bunda la kitambaa kipya, akasema mbavu zikiwa tayari angependa yeye ndiye ashone, ila mara hii wakiwa pamoja. Yaya alikipapasa, akakivuta pembeni, akauliza kama mshonaji yeyote wa sare za shule: "Tukifue mbele ya kushona, kisije kikarudi?"

"Hapana!" Bwana Msiska aliruka nusu ya mita. Kitambaa kile, alieleza, kinavikwa kikiwa kimelegea, kisha kinapigwa pasi juu ya bawa lenyewe kijikaze kama ngozi ya ngoma. Ukikifua na kukipiga pasi kwanza, umekimaliza nguvu.

"Kitambaa ya kurudi, na wanaitaka irudi," alisema Mama Sifa, akatikisa kichwa. "Leki, bazungu balifikiria hii kitu wakiwa wamekula nini?"

Kabla hatujaondoka alimwendea mzee. Alinitaka nitafsiri, kisha akabadili mawazo na kusema mwenyewe kwa Kichewa chake cha sokoni, kwamba golikipa alikuwa mjukuu wake. Mzee aliuliza kama ni yule aliyesimama tu. Ndiye, alisema yaya. Mzee akasema golikipa asiyekimbia ni golikipa mzuri, lakini afundishwe kukimbia kidogo.

Kurudi

Lori tupu hukimbia. Bwana Phiri alituwahisha mpaka Lumbadzi, tukanywa thobwa bila kesi, na polisi yuleyule akauliza kama tumemaliza kuhama. Mama Sifa alilala kutoka pale mpaka njia panda, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi.

Tulipofika Dzaleka wenzake walikuwa barazani na mashine zao. Waliinuka wote kwa pamoja.

"Imepona?"

"Bado iko mugonjwa," alisema. "Lakini mufupa mukubwa haukuvunjika. Na ule mushono yetu, tuliufumua wote."

Waliguna kwa ajili ya mshono, wakashangilia kwa ajili ya mfupa. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja tangu asubuhi, kijana wa Uvira, akamnyooshea suruali iliyopasuka gotini, akasema ana haraka. Yaya aliipokea, akaketi, akaigeuza nje ndani, akaitandaza mapajani na kuanza kuichunguza taratibu.

"Mama, ni kutoboka tu," alisema kijana. "Ushone."

"Kaa chini," alimjibu. "Mbele ya kushona, nione mu ndani."